Mita Nne na Kidogo

Ramani waliitandaza mezani, ukumbi wa halmashauri, Lushoto,
wakaibana pembe kwa chupa nne za maji
isijikunje.
Ilitaka kujikunja. Mle ukumbini karatasi peke yake
ilikumbuka kwamba habari yenyewe ni mlima.

Viwanja mia mbili na kumi na sita.
Barabara ya mita kumi na mbili, nyoofu
kama waya wa kuanikia nguo.
Shule hapa, zahanati hapa, hapa eneo la wazi.
Diwani akauliza, "Na maji?"
Akajibiwa maji yako awamu ya pili.
Makofi. Chai ikaletwa.

Mimi sikuketi mezani. Mimi ni mshika futi:
nashika ncha moja, nasimama ninapoambiwa,
na mlima wa Kwembago haumruhusu mtu kusimama
mpaka kwanza aupigie goti.
Lubango, mpima wetu, kwao Meatu,
ambako mpira ukidondoka
hubaki ulipodondoka.

Kwa Bi Zahabu Shekiango tulifika ukungu bado umekalia migomba.
Ana karoti, ana maharage, ana mipeasi miwili ya baba mkwe,
na nyumba ya tofali iliyosimama kwenye linta
tangu mwanawe alipoacha kazi Muheza.
"Usiilaze chini," Lubango akaniambia. "Ikae sawa, hewani."
Nikainua ncha hadi kifuani, hadi kichwani,
timazi ikaning'inia, ikatulia.
"Thelathini," akaandika.

Bi Zahabu akaweka jembe.
Akafungua kamba ya kuni, akailaza kwenye udongo,
ikapanda tuta, ikashuka tuta,
akaja kuipima kwenye futi yetu, pima kwa pima, bila haraka.
"Yangu inasema thelathini na nne na kidogo.
Hizo nne, mwanangu, kazila nani?"

Lubango akaeleza. Alieleza vizuri, namshuhudia:
serikali hupima kama jua la utosini,
kutoka juu, wima;
kilichomo kwenye hati ni kivuli cha kiwanja.
"Kwa hiyo umenipimia kivuli."
"Ndiyo, mama."
"Na kodi nitalipa ya kivuli."
"Ndiyo, mama."
Akacheka, cheko likavuka bonde
likageuza mbuzi wa watu ng'ambo ya pili.
"Basi usiwaambie wa mezani.
Hizo nne na kidogo nitazilima kimya kimya."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona
mambo ya barabara ilipoangukia:
kwenye chemchemi, katikati ya ndoo za watu.
Nikaitafuta chemchemi kwenye ramani.
Mahali pake palikuwa na doa la chai.

"Barabara imeshapitishwa," Lubango akasema, lakini kwa sauti ndogo,
akiwa amevua kofia.
"Na maji nayo yameshapitishwa," Bi Zahabu akajibu,
akarudi kwenye karoti zake.

Masika yakaja. Juu kule wageni walikuwa wamechimba misingi,
wamekata ukingo wima kama mkate,
bila tuta, bila jani la kushika udongo,
kila mmoja na risiti yake mfukoni.
Simu ikaita alfajiri.
"Bikoni yenu, mia na saba, imeshuka usiku.
Imelala kwenye karoti. Niipandishe,
au nayo ina hati ya kukaa hapa?"

Nikaenda ofisini. Wakasema nilete barua.
Nikaandika, mimi niliyeishia darasa la saba,
nikafuta, nikaandika tena:
*Bikoni imehama yenyewe
mita nne na kidogo, kuelekea chini.
Ya kwenye ramani haijasogea.*

Wakagonga muhuri wa bluu: IMEPOKELEWA.
Nje mvua ilikuwa bado inapima.